Kanukuliwa Mara Ngapi?

  Mada ya leo ukiisikia haraka utadhani ni ya maprofesa peke yao, lakini nakuomba usihamie stesheni nyingine. Inahusu dawa unayomeza, inahusu mtu aliyeitafiti, na inahusu namna wakubwa wanavyoamua kwamba mtafiti huyu ni hodari na yule ni wa kawaida tu.

Umewahi kuwa kwenye mkutano ambapo msomi anakaribishwa jukwaani? Mshereheshaji anashika karatasi, anasafisha koo: "Profesa wetu ameandika makala 140, na amenukuliwa zaidi ya mara 6,000!" Ukumbi mzima unapiga makofi. Sasa waulize waliopiga makofi wamepigia nini. Pengine watatu watakujibu. Waliobaki wamesikia namba kubwa, na namba kubwa siku zote hupigiwa makofi.

Basi tuanzie hapo. Kunukuliwa ni nini? Mtafiti wa tiba akimaliza kazi yake huiandika makala, akaipeleka kwenye jarida la kitaaluma. Jarida linawapa wataalamu wengine waikague, wakiridhika inachapishwa. Kesho na keshokutwa mtafiti mwingine, awe Nairobi au Tokyo, anaandika ya kwake, na mwishoni anaorodhesha kazi za wenzake alizozitumia. Makala yako ikiwemo kwenye orodha ile, umenukuliwa mara moja. Ikiwemo kwenye orodha 100, umenukuliwa mara 100. Ni hivyo tu. Anayehesabu ni kompyuta, na kompyuta haina shida na swali ambalo mimi nitalirudia leo mpaka mnichoke: nani kamnukuu, na kwa sababu gani?

Kuhesabu huku si kwa zamani sana. Mmarekani Eugene Garfield alitoa wazo lake mwaka 1955, na mwaka 1964 akatoa fahirisi yake ya sayansi, vitabu vizito vya kukuonyesha kila makala na wote waliokuja kuitaja baadaye. Nia ilikuwa njema kabisa: ukishapata makala moja nzuri, ufuate nyayo uone nani aliendeleza kazi ile. Kilikuwa kifaa cha kutafutia. Kikageuzwa mizani ya kupimia watu. Mwaka 2005 mwanafizikia wa California, Jorge Hirsch, akaongeza kipimo kinachoitwa h. Ukiwa na makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 10, h yako ni 10. Ukiwa na 30 zilizonukuliwa angalau mara 30 kila moja, h yako ni 30. Kwenye hesabu nakomea hapo, maana redio haina ubao.

Sasa twende Kampala.

Mwaka ni 1957, hospitali ni Mulago. Yupo daktari wa upasuaji anayeitwa Denis Burkitt, mtu wa Ireland, aliyepoteza jicho moja utotoni. Mwenzake, Dakta Hugh Trowell, anamwita amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano hivi. Taya zimevimba. Si upande mmoja, ni juu na chini, kulia na kushoto, pembe zote nne. Meno yamelegea, ukiyagusa yanacheza. Si jipu, maana jipu haliji mahali panne kwa mpigo. Na saratani aliyoizoea Burkitt nayo haina tabia hiyo. Hakuwa na jibu.

Wiki chache baadaye yuko Jinja, anapita wodini. Anatupa jicho dirishani. Nje yupo mtoto mwenye uso ule ule. Burkitt anatoka, anamkagua: taya vile vile, pande zote nne, na tumboni nako kuna uvimbe. Mtoto mmoja angeweza kuwa kioja. Wawili si kioja tena, ni ugonjwa. Akarudi Mulago akazama kwenye mafaili, na kumbe walikuwamo wengine, kila mmoja kaandikiwa jina lake la ugonjwa kulingana na mahali uvimbe ulipoonekana: huyu taya, huyu figo, huyu jicho. Mwaka 1958 akachapisha makala ya kurasa sita katika British Journal of Surgery, jarida la madaktari wa upasuaji, akieleza habari za watoto 38.

Ikawaje? Ikapita kimya. Nirudie, maana hapa ndipo mzigo ulipo: makala iliyokuja kuwa moja ya makala mashuhuri kabisa za saratani katika karne ile ilipotoka haikumshtua karibu mtu yeyote. Kama mwaka 1960 kungekaa kamati ya kumpandisha cheo Burkitt kwa kuangalia amenukuliwa mara ngapi, angetoka kichwa chini.

Lakini hakuwa mtu wa kungoja kutajwa. Alichapisha vipeperushi vyenye picha za watoto wale, akavituma kwa posta kwenye hospitali za serikali na za misheni sehemu nyingi za Afrika, akiuliza jambo moja: mmeuona ugonjwa huu kwenu? Majibu yakaanza kurudi, akawa anayatia alama kwenye ramani. Oktoba 1961 akaingia barabarani yeye mwenyewe, kwa gari la Ford la mtumba, pamoja na madaktari wenzake wawili. Mmoja alikuwa Ted Williams wa hospitali ya misheni ya Kuluva, huko West Nile, na mwingine Cliff Nelson. Walitoka Uganda wakashuka mpaka Afrika Kusini. Wiki 10, kilomita kama 16,000, hospitali zaidi ya 50. Walitaka kujua ugonjwa uko wapi, na zaidi ya hapo walitaka kujua unakomea wapi.

Na ulikuwa unakomea mahali pa kufikirisha. Nyanda za juu zenye baridi, haupo. Penye joto na mvua, upo. Unguja na Pemba, ambako malaria ilikuwa imepigwa vita, ulikuwa nadra. Wewe msikilizaji wa pwani umeshaanza kuhisi: hiyo si ramani ya mbu? Naam. Watafiti wengine, akiwamo Gilbert Dalldorf na wenzake waliofanya kazi Kenya, wakaisema wazi habari ya malaria.

Turudi nyuma kidogo. Machi 1961, kabla ya safari hiyo, Burkitt alikuwa London, akatoa mhadhara katika chuo cha tiba cha Hospitali ya Middlesex. Kati ya waliomsikiliza alikuwamo mtafiti wa virusi, Anthony Epstein. Zingatieni hapo: Epstein hakuvutwa na namba yoyote. Alikaa kitini akasikiliza mtu anasimulia alichokiona, akajiambia huenda nyuma ya ugonjwa huu kuna kirusi. Wakapatana. Vipande vya uvimbe vikawa vinapakiwa kwenye ndege Kampala kwenda London.

Miaka miwili vipande vinafika, vinachunguzwa, kitu hakionekani. Kisha Desemba 1963 ndege ikakuta London imefunikwa na ukungu, ikaenda kutua Manchester, na chupa ikafika maabara imechelewa, maji yake yamechafuka. Mtu yeyote wa maabara atakuambia, maji yakichafuka ni bakteria wameingia, mwaga uanze upya. Epstein akachukua tone moja kwanza akaliweka chini ya darubini. Hakukuwa na bakteria. Zilikuwa seli za uvimbe zenyewe, zimebanduka kwa kutikisikatikisika njiani, zinaelea, ziko hai. Wakaweza kuzikuza. Mwanzoni mwa 1964, kwa darubini ya elektroni, kirusi kikaonekana. Machi mwaka huo habari ikatoka katika The Lancet, na waandishi ni watatu: Epstein, Achong na Barr. Ndicho kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Na ni mwaka ule ule wa fahirisi ya Garfield.

Baada ya hapo ndipo makala ya Kampala ya 1958 ilipoanza kunukuliwa kwa fujo. Nani aliinukuu? Watu wa virusi, watu wa malaria, watu wa dawa za saratani, na baadaye watu wa vinasaba. Kwa sababu gani? Kwa sababu wote walikuwa wamepita mlango alioufungua yeye. Hapo namba imesema kweli, sikatai. Lakini imeisema ikiwa imechelewa, baada ya kila mtu kujua.

Halafu kuna kichekesho. Ugonjwa ulipokwisha kubandikwa jina lake, limfoma ya Burkitt, wengi wakaona hakuna haja tena ya kuitaja makala yenyewe. Siku hizi mwanafunzi wa udaktari anaandika "Burkitt" mara 20 kwenye kazi yake bila kuiweka ile makala ya 1958 kwenye orodha hata mara moja. Kompyuta inaona sifuri. Yaani umashuhuri ukipita kiasi, namba inaacha kukuona.

Na bado hatujauliza nani hakuhesabiwa kabisa. Albert Cook, daktari wa misheni aliyeanzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897, miongo kadhaa kabla ya Burkitt alikwisha kuandika na kuchora uvimbe wa namna hii kwenye kumbukumbu za wagonjwa wake. Lakini daftari la hospitali halinukuliwi. Bert Achong, mtaalamu wa darubini ya elektroni aliyezaliwa Trinidad, jina lake lipo kwenye makala ya 1964, lakini kirusi kikaja kuitwa Epstein-Barr. Leo zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani wamebeba kirusi hicho mwilini, na wachache sana kati yao wamewahi kulisikia jina la Achong. Ted Williams naye aliendelea kule Kuluva kuandika mgonjwa baada ya mgonjwa, anatoka kijiji gani, kaanza lini, mwaka hata mwaka. Bila wino wa Williams, utafiti mkubwa uliofuata West Nile ungeanzia wapi?

Na huo utafiti niutaje. Miaka ya 1970, chini ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lenye makao yake Lyon, Ufaransa, watoto kama 42,000 wa West Nile walitolewa damu wakiwa wazima, ikahifadhiwa, kisha wakafuatiliwa ili ionekane nani ataugua. Mwaka 1978 Guy de-Thé na wenzake wakatoa matokeo katika Nature: waliokuja kuugua damu yao ilikuwa na alama kubwa za kirusi kile tangu kabla. Makala imenukuliwa sana, na ilistahili. Mimi hunijia picha ya kina mama waliowashika watoto mikono sindano ikiingia. Hao hawamo kwenye orodha yoyote.

Tumefika katikati ya mazungumzo. Kama ndiyo kwanza umefungua redio, tunazungumzia namna ya kumpima mtafiti wa tiba kwa mara alizonukuliwa, na swali letu ni lile: nani kamnukuu, na kwa sababu gani?

Niwape mbili za haraka kutoka ng'ambo. Makala iliyonukuliwa kuliko zote katika sayansi ni ya Oliver Lowry na wenzake, ya mwaka 1951, kutoka St. Louis, Marekani. Imepita mara 300,000. Imeponya ugonjwa gani? Hakuna. Inaeleza namna ya kupima kiasi cha protini kwenye maji ya maabara. Kila aliyepima kwa njia ile akaitaja, kama mpishi ambaye kila pilau lake ukiuliza limewekwa nini lazima ataje chumvi. Lowry mwenyewe alikiri kwamba haikuwa kazi yake kubwa.

Ya pili ni ya Andrew Wakefield, ya mwaka 1998, katika The Lancet hiyo hiyo. Watoto 12 tu, na dai la kuhusisha chanjo ya surua na usonji. Mwaka 2010 jarida liliifuta baada ya udanganyifu kujulikana. Nayo imenukuliwa mno! Lakini wengi wa walioitaja walikuwa wanaikanusha. Kompyuta imewahesabu wote sawasawa, msifiaji na mkanushaji. Sasa mtu akikuambia "fulani kanukuliwa mara elfu", si ni haki yako kuuliza kanukuliwa au kakanushwa?

Utaniambia, mzee, hayo ya Ulaya na Marekani yanatuhusu nini sisi wa huku? Yanatuhusu sana. Mhadhiri katika vyuo vyetu hapandi cheo bila makala. Anazihesabu, na kamati inazihesabu. Mtu akijua anapimwa kwa rula gani, atajinyoosha kwa rula hiyo. Kazi moja inakatwa vipande vitatu ili zitoke makala tatu. Niweke jina langu kwenye yako, nami nikuweke kwenye yangu. Mtu anajinukuu mwenyewe mpaka inatia aibu. Na yapo majarida ya mitandaoni yanayokuandikia barua pepe ya sifa tele: daktari mheshimiwa, tuletee kazi yako, tutaichapisha wiki hii, lipa hapa. Hakuna aliyeisoma, wala hakuna atakayeisoma.

Ila lipo kubwa kuliko huo udanganyifu, nalo halina mkosaji. Unanukuliwa na walio kwenye fani yako. Fani ikiwa na watu wengi, utanukuliwa sana. Ikiwa na wachache, utanukuliwa kidogo hata ukifanya maajabu. Chukua mtafiti wa kichocho katika vijiji vya Ziwa Victoria, na mwingine wa saratani inayowasumbua zaidi watu wa nchi tajiri. Wa pili ana maelfu ya wenzake wanaoandika kila siku. Wa kwanza ana kundi dogo. Ukiwaweka kwenye mizani moja, wa kichocho atapungua, na kijana mwerevu anayechagua cha kusomea ataona. Atakwenda kwenye namba. Nani atabaki na kichocho?

Tena makala ya kichocho ikitoka kwenye jarida la hapa kwetu, kama East African Medical Journal, anayeifaidi ni nani? Ni tabibu wa kituo cha afya, anayeisoma jioni, kesho yake akabadilisha namna anavyowatibu watoto wa shule. Tabibu huyo haandiki makala. Hamnukuu mtu. Ametumia utafiti kwa namna iliyo bora kuliko zote, na kwenye ile hesabu hayupo.

Hapa nitoe maoni yangu, mkipenda mnipinge. Mimi sichukii namba. Kuzipuuza kabisa kuna hatari yake: bila namba yoyote, cheo kinakwenda kwa mpwa wa mkubwa, na hilo tunalijua vizuri kuliko Hirsch. Ninachokataa ni kamati isiyofungua makala. Mwaka 2012 wanasayansi waliokutana San Francisco walitoa tamko kwamba mtafiti apimwe kwa kazi yake yenyewe, asipimwe kwa umaarufu wa jarida lililoichapisha, na taasisi nyingi duniani zimelitia saini. Kusaini ni rahisi. Kazi ni kukaa. Mwambie mtafiti achague makala zake tatu anazojivunia, wanakamati wazisome mwanzo hadi mwisho, kisha wamwite aeleze: hapa ulifanya nini wewe, na wenzako walifanya nini? Nani ameitumia kazi hii, na kwa sababu gani? Hiyo ni asubuhi moja. Mtu aliyeitumikia sayansi miaka 20 hastahili asubuhi moja?

Kabla sijaaga, najua wapo wanaojiuliza: wale watoto je, walipona? Burkitt, pamoja na kwamba alikuwa mtu wa kisu, aligundua mapema kuwa kisu hakisaidii hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakajaribu dawa za saratani, na uvimbe wa baadhi ya watoto ukayeyuka ndani ya siku chache kwa dozi chache tu. Si wote walipona, lakini walikuwapo waliopona kabisa. Mwaka 1967 kikafunguliwa Mulago kituo cha kutibu ugonjwa huo, na ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda, ambayo inahudumia wagonjwa mpaka leo.

Kwa hiyo mzazi unayenisikiliza, mtoto wako akivimba taya na meno yakaanza kulegea bila sababu, au tumbo likajaa haraka, usipoteze wiki mbili ukimsugua dawa za jino. Uvimbe huu unakua kwa kasi sana, pengine ndani ya siku chache tu unauona umeongezeka. Mpeleke hospitali mapema, na ukifika mwambie daktari uvimbe ulianza siku gani.